Madam Aliyepima Kila Kitu

Nianze na la kwangu, kwa sababu likinikaa tumboni sitaweza kueleza la mtu mwingine. Hapa Nchiru nina hosteli ya vyumba kumi na viwili. Wapangaji ni wasichana wa chuo kikuu, na kule nyuma kuna mabafu mawili yenye shawa za stima. Kuna jambo kuhusu shawa hizo ambalo nililijua tangu siku zilipofungwa, nikanyamaza, na ni jambo la kuua mtu. Nikisikia tu maji yakifunguliwa, nilikuwa nasimama. Niko jikoni, nasimama. Niko kanisani, nakumbuka kwamba Jumapili ndiyo siku wanayooga wote, na mahubiri hayaingii tena. Asiyejua stima angelala usingizi wake vizuri, lakini mimi stima naijua. Nilifundishwa na Madam.

Jina lake sitaliandika. Hata shuleni, karibu na Karurumo, hakuna aliyelitumia. Walimu wengine wa kike walikuwa Madam fulani na Madam fulani. Yeye alikuwa Madam tu. Ukisema Madam anakuja, hata wa kidato cha kwanza walijua ni nani, wakaanza kuficha mikono. Mikono, ndiyo. Nitafika hapo.

Hakuwa mtu wa kutulia. Alifundisha fizikia akitembea, anaanza sentensi mlangoni anaimalizia dirishani, na wewe shingo inauma kwa kumfuata. Kiti cha mwalimu kilikuwa cha kuwekea madaftari. Alivaa sweta moja ya kijani, mifuko imelegea kwa kubeba vitu: vipande vya waya, balbu ndogo ya tochi, betri mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mkoba wake ulikuwa na Biblia, na kando ya Biblia mita ya kupimia stima, imevishwa soksi ya mtoto ili isikwaruzwe.

Na kila kitu cha chuma alikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Geti la shule, mlango wa posho mili ya kusagia mahindi, friji ya dukani. Mgeni angedhani ni wazimu. Sisi alitueleza wiki ya kwanza kabisa: stima ikikupata kiganjani, vidole vinajikunja vyenyewe, na unakishikilia kile kile kinachokuua. Ikikupata mgongoni mwa mkono, kule kujikunja ndiko kunakoutoa mkono pale. Kwa hivyo ukiwa na shaka na kitu, na huna mita, usikishike. Kiguse kwa nyuma.

Mwenye duka pale stendi alichoka siku moja. Nilikuwepo, nimetumwa sukari.

"Madam, kwani friji yangu ina ukoma?"

"Haina ukoma, ina stima. Imenitekenya. Hebu tafuta kitu kikavu usimame juu yake, na uite fundi."

Yule mzee alicheka akawaita na wengine waje wacheke. Kesho yake nilipopita alikuwa anauza akiwa amesimama juu ya kreti ya soda, na hakutaka kuulizwa.

Serikali ilitaka fizikia ifundishwe kwa Kiingereza, na Madam aliandika ubaoni kwa Kiingereza kizuri, mwandiko umenyooka. Halafu anageuka, anatutazama, anaona hakuna kilichoingia, anaweka chaki chini. "Haya. Sasa tuongee." Hapo ndipo somo lilipoanza.

Volteji alitufundisha kwa githeri. Hakika! Alingoja dakika tano kabla ya kengele ya chakula, harufu imeshafika darasani, akasimama mlangoni akaweka dawati likaziba nusu ya mlango. Akauliza: ni nini kinachotaka kuwatoa humu? Tukasema njaa. Akasema hiyo njaa ndiyo volteji. Mlango huu mwembamba ndio ukinzani. Na nyinyi mnaopita, wangapi kwa dakika, ndiyo stima yenyewe inayotembea. Kengele ikalia, tukasukumana pale kama ng'ombe kwenye josho, yeye pembeni anahesabu kwa sauti. Kesho yake akaliondoa dawati, akahesabu tena. Kesho kutwa akatulisha ndizi saa nne, tukawa tumeshiba, akahesabu. Mlango ule ule, njaa imepungua, watu wakatoka pole pole wakiongea mambo yao.

"Njaa imepita mlangoni?" akauliza.

"Hapana, Madam."

"Nani amepita?"

"Sisi."

"Basi nikimsikia mtu akisema volteji imepita kwenye waya, atatoka nje. Volteji haipiti. Volteji inasukuma. Kinachopita ni kingine."

Mpaka leo, mtu akisema kwenye redio kwamba volti nyingi zimepita mahali, najibu peke yangu jikoni.

Sasa ile mikono. Alimwita mmoja mbele, akampa sindano mbili za mita azishike, moja kila mkono. Tarakimu ya ukinzani inaonekana kubwa. Anaisoma, anaiandika. Halafu analeta beseni la maji yenye chumvi. Chovya. Shika tena. Tarakimu inaporomoka mpaka unaona aibu kwa niaba ya yule mtu.

"Mkono mkavu unakataa," alisema. "Mkono uliolowa unakubali. Mtu ni yule yule, mama yake ni yule yule, hata dhambi zake ni zile zile. Kilichobadilika ni maji." Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Kwa hivyo stima iliyomtekenya asubuhi, jioni akiwa anaoga inaweza kumlaza chini asiamke."

Niliyaandika maneno hayo nikayapigia mstari kwa rula. Daftari ninalo mpaka leo, chini ya kitanda, na nikiliona nageuza uso.

Hakuamini kitu mpaka akipime, hata nje ya shule. Makaa alikwenda kununua Kiritiri, akisema makaa ya kwetu hayajaiva. Na alijuaje kuiva? Alikuwa anatoa ile balbu na betri zake pale pale sokoni, anagusisha waya mbili kwenye kipande cha kaa. Kaa lililochomwa kwa moto mkali sawasawa linapitisha stima, balbu inawaka hafifu. Kaa ambalo ndani bado lina ukuni halipitishi kitu. Nilimsindikiza mara moja, na yule mama muuzaji alimtazama weee, akaweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, unataka makaa ama unataka redio?"

"Nataka yasiyonijazia moshi nyumbani."

"Kwani hayo ya moshi yanaonekana na tochi?"

Wakabishana nusu saa. Mwishowe yule mama alikuwa anashika waya yeye mwenyewe, anapima gunia la jirani yake, na kumwambia kwa sauti soko zima lisikie kwamba makaa yake hayawashi. Ilikaribia kuwa vita. Madam alilipa akaondoka kwa haraka zake, wala hakugeuka kuona moto aliouwasha.

Ya kanisani huwa naisimulia nikitaka kucheka. Kanisa letu lilikuwa la mabati, sakafu inapigwa deki asubuhi ya Jumapili, na maikrofoni ilikuwa imefungwa na kijana wa kwaya. Mchungaji alipopandwa na mahubiri alikuwa anavua viatu, kwa heshima ya madhabahu, anahubiri na soksi. Basi midomo ikigusa ile maikrofoni, anatetemeka, anaruka, anapiga kelele. Watu wanajibu haleluya! Wamama wanaanguka. Ibada za namna hiyo zilisifiwa mpaka Runyenjes, wageni wakawa wanakuja kwa lori.

Madam alivumilia Jumapili mbili. Ya tatu aliinuka katikati ya maombi, akapanda mbele na ule mwendo wake, akamnyang'anya mchungaji maikrofoni, akaizungushia hanchifu kavu ya pamba mara tatu, akamrudishia. "Na uvae viatu, mtumishi," akamwambia, akarudi kuketi. Mchungaji akaendelea. Kutetemeka hakukurudi tena, wala kuruka. Tulipotoka nje, wazee wa kanisa walimzunguka kwa hasira, mmoja akasema Madam amezima Roho kwa hanchifu. Akajibu kwamba Roho hahitaji sakafu iliyolowa. Miezi mitatu hawakumpa salamu. Yeye alikuja kila Jumapili, akaketi mahali pale pale, akaimba kwa sauti mbaya kama kawaida.

Na huyu huyu, jamani, aliogopa radi! Mawingu yakianza kukusanyika upande wa mlimani, sauti inabadilika. Ngurumo ya kwanza, anafunga dirisha. Ya pili, yuko chini ya meza ya maabara, magoti yamekunjwa, na anatuamuru tuandike huku anatutajia maelezo kutoka kule chini. Tulicheka mpaka machozi. Tulimwuliza mbona anaogopa kitu anachokijua. "Naogopa kwa sababu nakijua," sauti ikatoka chini ya meza. "Andika!"

Ila kichekesho kikubwa kilikuwa nyumba yake. Mwalimu wa stima alisoma kwa taa ya mafuta. Karurumo nzima imeunganishwa, hata mabanda ya kuku yana balbu, na kwake giza. Waya za ndani alizipitisha mwenyewe, safi, soketi zimenyooka kwa pimamaji. Kilichobaki kilikuwa ule waya wa ethi, unaotoka ndani ya nyumba na kwenda kwenye chuma kirefu kilichogongwa ardhini, ili hitilafu ikitokea stima ipate njia ya kwenda kwenye udongo badala ya kupitia kwa mtu. Alikuwa ameazima kifaa cha kupima udongo kutoka chuo cha ufundi, na udongo wake ulikuwa unakataa. Ukinzani uko juu kuliko alivyotaka. Akagonga chuma cha pili. Akapima. Cha tatu. Kila jioni alimwaga hapo maji ya kuoshea vyombo, na chumvi, na jivu la makaa.

Majirani walikuwa na neno lao: Mwalimu amepanda chuma, anangoja kiote. Mafundi walimwambia kinatosha, Madam, hakuna mtu atakayekuja kuangalia. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikaa na taa ya mafuta mvua tatu, mpaka mita ikasoma alichotaka, ndipo akawaita waje wamuunganishe.

Watu walisema lazima kuna mtu wake aliyeuawa na stima. Mume, labda mtoto. Nilipokuwa kidato cha nne nilijipa moyo nikamwuliza. Alisimama, na kusimama kwake kulikuwa kitu adimu, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Lazima mtu afe ndipo nipime?"

Sikuwahi kusikia akisema hongera. Nilipopata A ya fizikia, msichana wa kwanza pale shuleni, aliniambia, "Kumbe ulikuwa unasikia." Wala pole hakuijua. Tulipomzika baba yangu mvua ilitunyeshea, jenereta inanguruma, waya za spika zimelala kwenye matope na watu wanazikanyaga. Madam alifika amechelewa, hakumsalimia mtu. Alizima jenereta katikati ya hotuba ya mjomba, akakata miti ya kuegemezea ndizi, akainua waya zote juu kwa kamba ya katani, akagusa spika kwa mgongo wa mkono, akawasha. Halafu akaenda zake bila hata kula. Mama alisema ana dharau. Mimi nilimpenda siku hiyo mpaka nikashindwa kulia vizuri.

Sasa nirudi kwangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Tulipojenga hosteli, chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu na wasichana wameshaweka majina. Ijumaa fundi alikuwa anagonga chuma cha ethi nyuma ya mabafu. Kikaingia kidogo, kikagota kwenye mwamba. Akajaribu hatua mbili pembeni, mwamba. Akaniita. "Mama, hapa tutafute mahali pengine kule chini, tuchimbe mtaro, itachukua siku nne. Ama nikikate." Nikauliza kikikatwa itakuwaje. Akasema shawa zitafanya kazi vizuri tu.

Zitafanya kazi! Si hilo nililokuwa nauliza, na alijua, na mimi nilijua. Nilimwambia akate. Nilisimama pale nikaona msumeno unapita. Kikabaki kipande kama urefu wa mkono wangu, akakizika kwenye vumbi, akasawazisha kwa buti. Jumatatu wasichana wakaingia, wakafurahia maji ya moto, na mimi nikaanza ile kazi yangu ya kusimama kila bomba likifunguliwa. Nilijiambia likizo ya kwanza nitachimba mtaro. Likizo ikaja, nikajiambia ya pili.

Muhula huu, mchana wa kufungua, boda iliingia kwa geti imebeba godoro, na nyuma ya boda alikuwa anatembea mwanamke mwembamba, mguu mmoja unachechemea, pamoja na msichana wa mwaka wa kwanza. Sweta haikuwa ile ya kijani. Mwendo ulikuwa ule ule.

"Wanja! Kumbe hii hosteli nzuri tunayoambiwa ni yako?"

Nilimkumbatia. Alinuka sabuni ya kipande na moshi. Msichana alikuwa binti wa ndugu yake. Alimwita Tata, yaani shangazi. Walikuwa wamezunguka Nchiru tangu asubuhi, hosteli sita, na kila moja Madam alikuwa ametoa mita, akapima, akakunja uso, wakatoka. Msichana alikuwa amechoka na amekasirika, miguu yake nyekundu kwa vumbi.

Niliwaonyesha chumba. Nikawaonyesha mabafu, kwa sababu ningefanya nini? Madam alifika mbele ya bomba la shawa, mkono ukaanza kuinuka wenyewe. Halafu akaurudisha. Akatabasamu, na meno yake sikuwahi kuyaona mengi kiasi hicho.

"Hapa sipimi," akamwambia msichana. "Huyu nilimfundisha mimi. Hapa utalala, na mimi nitalala."

Nikasema karibuni chai. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema. Tukaenda jikoni, nikawasha jiko, nikamimina maziwa, na yeye anazungumza, anasema amechoka kuwa na wasiwasi na kila nyumba, kwamba kuona mwanafunzi wake ameshika vizuri kunampa kupumzika. Nje nikasikia slipa zikiburuzwa kuelekea nyuma.

"Tata, nimejaa vumbi, wacha nioge kwanza!"

Sufuria niliiangusha. Nilikimbia na magoti haya yangu, nikaugonga mlango wa bafu kwa ngumi zote mbili. "Usifungue maji! Usiguse kitu! Toka!" Alitoka amejifunga leso, macho yametoka. Alikuwa bado hajalowa.

Madam alikuwa amenifuata. Hakuuliza kwa sauti ya juu.

"Ni nini?"

"Chuma cha ethi, Madam. Ni kifupi."

"Kifupi kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka vidoleni.

"Fundi alikudanganya?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, mpana wa kupita mtu mzima.

"Hapana. Nilimwona akikikata. Ni mimi niliyemwambia."

Aliniambia nizime meni swichi. Nikazima. Alizunguka nyuma, akafukua vumbi kwa kiatu, akainama, akakishika kile chuma kwa mkono mmoja, na kikatoka. Mwanamke wa umri ule, mkono mmoja, kama anang'oa karoti. Akakitazama chote, kisha akanitazama.

"Ungekuwa hujui, Wanja, ningekufundisha tena, hapa hapa, hata ikiwa mpaka jua litue. Lakini unajua. Kwa mtu anayejua, mimi sina somo."

Nilitaka anipigie kelele. Nilitaka hata anichape.

"Wako wangapi humu?" akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Waite."

Walikuja mmoja mmoja, wakidhani ni mambo ya tokeni za stima, mmoja na mswaki mdomoni, mwingine amesukwa nusu ya kichwa. Madam aliniwekea kile chuma mkononi, akaenda kusimama kando ya binti wa ndugu yake. Nikawaeleza. Niliwaeleza kwa Kiswahili, kama yeye alivyokuwa akitueleza, kuhusu stima na njia yake, na mkono uliolowa. Nikasema hakuna kuoga na shawa mpaka mtaro uchimbwe, na anayetaka kuhama ahame, nitamrudishia vyake. Msichana wa chumba cha nne, mpole, ambaye huwa ananiletea ndizi akitoka kwao, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mama, muhula uliopita nilikuja kukuambia shawa imenipiga mpaka nikaanguka. Ukaniambia ninunue slipa za plastiki."

"Ndiyo."

"Siku hiyo ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.